Siku Tuliyomhamisha Bibi

Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la tatu, Kilosa, katika nyumba ya kupanga pale Mabwerebwere. Hapakuwa na kelele. Baba alirudi kutoka Mikumi mchana, akala, akanawa mikono, akazungumza na mama chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikuwa tumeambiwa tukacheze nje. Baadaye baba alitoka na sanduku lake la bati begani. Alitupita, akasimama, akarudi. Akatuwekea mkono kichwani, kwanza mdogo wangu kisha mimi, akaenda zake stesheni. Nilidhani anawahi kurudi kazini tu.

Majirani hawakujua mpaka walipoona mama hatoki tena kwenda kisimani, nami ndiye ninayetumwa kila mahali. Wakaanza kuniuliza maswali kwa sauti ya huruma. Mama mmoja mpangaji mwenzetu alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma, akanishika kidevu, akasema, "Pole mwanangu, wanaume ndivyo walivyo." Nikajua hapo kwamba baba amemwacha mama. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, nami niliishi na habari hiyo kwa miaka.

Baba alikuwa fundi wa magari. Miaka ile barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa inatiwa lami, na wajenzi walikuwa na kambi yao Mikumi. Alitengeneza malori na makatapila ya pale, akawa anakuja Kilosa mwisho wa mwezi, ananuka dizeli hata baada ya kuoga. Alikuwa mtu wa bondeni, Mwislamu tangu kwa mababu zake. Mama alikuwa binti wa milimani, juu ya Munisagara, aliyekulia katika nyimbo za kanisa na shule ya misheni. Alipoolewa alisilimu, akapewa jina jipya. Kwa hiyo mama alikuwa na majina mawili. Kilosa aliitwa kwa hili, kwa bibi aliitwa kwa lile, na yote mawili aliyaitikia bila kusita.

Baada ya talaka alikaa eda kama ilivyotakiwa. Bibi, mama yake, aliteremka kwa treni na kikapu cha maharage kuja kumwona, akamkuta amejifunika kanga, yuko kimya kwenye jamvi.

"Unamkalia eda mtu aliyekuacha?" bibi akauliza. "Vaa nguo yako twende nyumbani."

"Niliingia kwa utaratibu, mama," mama akasema. "Acha nitoke kwa utaratibu."

Bibi akachambua maharage jioni nzima.

Lipo jambo linalopaswa kujulikana hapa. Kabla ya hapo tulikuwa watoto watatu. Wa mwisho alikuwa wa kike, hajaanza kutembea. Alifariki msimu wa masika tukiwa tumekwenda kumtembelea bibi, akazikwa huko huko mlimani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilikuwapo. Nakumbuka nyimbo, na kijisanduku kidogo ambacho mjomba alikitengeneza kwa mbao za mlango. Nakumbuka pia kwamba baba alifika mazishi yakiwa yamekwisha, viatu vyake vimejaa tope hadi ndani. Lakini mambo hayo nilikuwa nimeyaweka upande wake, na talaka upande wake. Mtoto hapangi mambo kama mtu mzima.

Palikuwa na baraza. Sheria mpya ya ndoa ilitaka wazee wakae na wanandoa kwanza, na walikaa, lakini wazazi wangu hawakupatanishwa. Kilichobaki kikawa ni sisi. Kwa desturi ya watu wa bibi, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa upande wa baba, mtoto wa kiume akishapata akili hulelewa kwa baba yake. Wazee walipasua katikati. Mjomba ndiye aliyetuletea jibu, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Huyu dume atakwenda Mikumi," akasema. "Wewe utabaki na mama yako."

Mdogo wangu alifurahi. Alikuwa hajaanza shule, na alichosikia ni kwamba atapanda treni, na kwamba Mikumi kuna tembo. Siku ya kuondoka alivaa shati ambalo mama alikuwa amelishona usiku uliopita, kubwa kidogo ili adumu nalo. Tukamsindikiza stesheni. Baba alimpokea dirishani, mama akiwa chini jukwaani, na mikono yao haikugusana. Treni ilipoanza kuondoka mdogo wangu alitoa kichwa nje akaniuliza kwa sauti, "Wewe utakuja kesho?" Nikasema ndiyo. Mama alikaa jukwaani hadi mabehewa ya mizigo yote yakapita, na hadi mshika bendera akakunja bendera yake. Halafu akanikumbusha kwamba tunapitia sokoni kununua uzi.

Tuliishi kwa cherehani. Mama alishona sare za shule, na kwa kuwa watoto walikuwa wanaandikishwa kwa wingi, kazi haikukosekana, ila kitambaa. Kuna wakati alifumua mashuka yetu akashonea watu kaptula. Hakuwa mtu wa kulia. Alichokuwa nacho ni kunyamaza. Naweza kusema utoto wangu uliobaki ulipita katika mlio wa cherehani ile. Ikinyamaza nilishtuka, nikainua kichwa kumtazama anafanya nini. Mara nyingi hakuwa anafanya chochote. Alikuwa ameshika gurudumu, anatazama ukuta.

Likizo nilikwenda Mikumi. Treni ya tawi lile ilikuwa ya mizigo hasa, na behewa la abiria nyuma. Tulipitia Ulaya, mahali ambapo wageni walikuwa wakisikia jina wanacheka, tukaingia porini, na mchana ukiwa umechoka ndipo tunafika. Barabara ilikuwa imekwisha kujengwa, wajenzi wamehama, na baba amebaki, amefungua gereji chini ya mabati manne kando ya lami. Malori ya Zambia yalipita mchana kutwa. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa oili, na hata maji ya kunywa niliyaona yana ladha yake.

Alikuwa ameoa. Mke wake alikuwa msichana wa kutoka upande wa Ifakara, mpole, mwenye mwanya. Niliambiwa nimwite mama mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia tangu ndani ya behewa, nikapanga hata maneno nitakayomjibu atakaponionea. Hakunionea. Alinipa kichwa cha samaki, ambacho kwa watu wa baba yangu ni heshima, akanisuka nywele siku ya kwanza bila kunivuta. Nikakosa pa kuyapeleka yale maneno.

Likizo ya pili au ya tatu mdogo wangu alikuwa anakimbiza gurudumu la baiskeli uani, akakanyaga kipande cha bati. Akapiga kelele, "Mama!" Nilikuwa ndani. Nilitoka mbio nikitazama njia ya stesheni, kwa sababu nilidhani mama amekuja. Uani mama mdogo alikuwa amemnyanyua, ameshika mguu wake, anapuliza kidonda, naye amelaza kichwa kwenye bega lake. Nilisimama pale mlangoni. Mdogo wangu hakujua kwamba amesema jambo lolote.

Baba hakuwahi kuniuliza mengi.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Bado anashona?"

"Anashona."

Halafu anageukia injini. Nikirudi Kilosa, mama naye hakuuliza habari za baba hata mara moja. Aliuliza za mdogo wangu tu, "Ananenepa?" Au, "Kile kikohozi?" Siku niliyomwambia kwamba mdogo wangu amepoteza meno mawili ya mbele aliacha kushona, akaniuliza ni meno gani, ya juu au ya chini, na nani aliyemng'oa. Nikasema yalidondoka yenyewe. Ukweli ni kwamba aling'olewa na mama mdogo kwa uzi, nilikuwapo, tulicheka sana. Ndivyo nilivyojifunza kuchuja. Kila nyumba niliifikishia habari ambayo ingeweza kuimeza, nyingine nikabaki nazo mwenyewe, na zilikuwa nyingi kuliko umri wangu.

Nilivunja ungo nikiwa Mikumi. Niliamka asubuhi ya likizo ya Desemba, nikadhani nimeumia mahali. Mama mdogo aliona shuka, akafunga mlango, akamtuma mdogo wangu dukani, akanieleza kila kitu polepole, mwenyewe akiona haya. Alinipa kanga yake mpya, jozi nzima. Akanifundisha namna ya kujihifadhi, namna ya kufua na mahali pa kuanika. Nilimpenda siku ile, na kumpenda kukanilemea.

Mama aliiona ile kanga nilipofungua mzigo wangu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Lini?"

Nikamwambia.

"Alikufundisha vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi vyema."

Akaenda uani akachukua shoka, akaanza kupasua kuni, ingawa kuni zilikuwepo za kutosha zimepangwa ukutani. Alipasua mpaka mpangaji mwenzetu akatoka kuuliza kuna nini. Usiku ule alinipikia wali, katika mwaka ambao wali ulikuwa wa nadra, tukala tukitazamana. Hakuna siku nyingine mama aliponitumikia chakula kwa mikono miwili kama mgeni.

Ilikuwa miaka ya njaa ile, ya kupanga foleni ya unga wa njano, na redio ilikuwa inazungumza vijiji tu. Watu waliotawanyika waishi pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Shuleni tuliimba nyimbo za Ujamaa, nami niliziimba kwa moyo, kwa sababu zilisema habari ya watu kukaa pamoja. Kisha balozi wa nyumba kumi wa kwa bibi akapita akitangaza kwamba wa milimani wote wateremke kando ya reli, kwenye kijiji kipya. Mahali pengine, tulisikia, mgambo walikuwa wanaezua mapaa watu wakiwa ndani. Kwa bibi walipewa muda hadi mavuno ya maharage, baada ya hapo hakuna mjadala.

Nilikuwa Mikumi habari hiyo iliponifikia, na nilimwambia baba, maana bibi alikuwa ni habari ambayo nyumba zote mbili ziliweza kuisikia. Baba alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Miguu ikaacha kucheza.

"Wanahama lini?" akauliza.

"Baada ya maharage."

Spana ikaanza kulia tena.

Mama alifunika cherehani, tukapanda treni kwenda Munisagara, tukapanda mlima kwa miguu. Mjomba alikuwa amekwenda Tanga kwenye mkonge, kwa hiyo hapakuwa na mwanamume. Tulimkuta bibi shambani anapalilia mahindi ambayo hatayavuna. Ndani hakuwa amefunga hata kijiko.

"Mama, watakuja kesho," mama akamwambia.

"Waje," bibi akasema. "Mimi napalilia."

Tulimfungia vitu sisi. Vilikuwa vichache, na bado viliushinda mlima. Ilitakiwa tushushe hata milango na miti ya paa, kwa kuwa kule chini hapakuwa na kitu ila viwanja vilivyopimwa kwa vijiti. Mama aliketi kizingitini asubuhi ile akitazama nyumba kwa macho ya mtu anayetafuta aanzie wapi.

Ndipo tuliposikia lori. Lori halikuwa kitu cha kawaida kule. Lilikuwa linapanda njia ya zamani ya magogo, linapumzika, linapanda tena, na majirani wakaanza kukusanya watoto wakidhani ni mgambo. Lilipofika uwanjani baba akateremka, na upande wa pili akateremka mdogo wangu. Lilikuwa la mfanyabiashara wa Mikumi ambaye baba alimfufulia injini.

Baba alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akainama.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akasema, "Marahaba, baba. Umekonda."

Mdogo wangu alimsogelea mama. Alikuwa amerefuka, suruali imepanda juu ya vifundo. Akasema, "Shikamoo mama," kwa adabu kabisa, kama anavyomwamkia mzazi wa mwenzake. Mama akaitikia marahaba. Akamshika mkono, si kiganja, juu ya kiganja, pale mtu anapopima mapigo, akakaa amemshika wakati akiendelea kutoa maagizo ya vyungu vipi vitangulie.

Na wao wawili, baba na mama, hawakujua waitane nini. Zamani baba alimwita mama watoto. Sasa alisema tu, "Samahani, hapo," au, "Naomba kamba." Lakini kazi ilipoanza ikawafundisha tena. Baba alipanda juu ya paa kufungua miti, mama akawa chini anapokea.

"Shika."

"Nimeshika."

"Nzito hiyo."

"Nimesema nimeshika. Leta."

Masizi ya miaka yote ya moto wa bibi yalimwagika, baba akapiga chafya mfululizo hadi akakaribia kuanguka, na mama akacheka. Nilikuwa nabeba kuku. Nilisimama na kuku wangu wamening'inia, nikamsikiliza mama akicheka. Mdogo wangu aliuliza, "Mbona unalia?" Nikasema ni masizi.

Mzigo ulipokwisha, nyumba imebaki kuta za udongo wazi juu, baba aliomba maji, akanawa uso, mikono na miguu. Akamwambia mama kwa sauti ndogo, "Naomba nimwone mtoto."

Mama akamtangulia. Nilifuata nikaishia pembeni, penye migomba. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe, na mawe yalikuwa safi. Bibi alikuwa akiyafagia. Baba alisimama upande mmoja, mama mwingine. Baba akainua mikono kuomba dua. Mama aliitazama mikono yake mwenyewe kama asiyejua ni ya dini gani, kisha naye akaiinua. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, akinipumulia kisogoni. Walipomaliza, baba alisema maneno fulani akiwa ameinamisha kichwa. Mama akajibu. Baba akasema tena, na mama akatikisa kichwa polepole, akageuka.

Njia nzima ya kushuka, juu ya lori, nikiwa nimekalia magunia, nilipanga maisha yetu upya. Baba amemwomba mama arudi. Mama amekataa kwanza, kwa sababu mwanamke hakubali mara ya kwanza. Atakubali. Nikafikiri mama mdogo atakaa wapi, kwa kuwa sikutaka afukuzwe, nikampangia chumba chetu cha Mabwerebwere, yeye na cherehani, ingawa hakujua kushona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, na kila mmoja nilishampatia mahali pake kabla hatujafika chini.

Kijiji kipya kilikuwa ni majani marefu na vijiti. Katibu wa tawi alimwonyesha bibi vijiti vyake. Familia zilikuwa zimekaa kwenye vyungu vyao, kila moja ndani ya vijiti vyake, wanatazamana kama abiria. Baba alichimba mashimo, akasimika nguzo nne, akatandaza turubai la lori juu ili bibi apate kivuli. Aliswali alasiri kwenye majani. Kisha akasema lazima awahi, njia ni mbaya na lori si lake.

Alimuaga bibi. Akanishika kichwa. Akamgeukia mama.

"Haya. Sisi twende."

"Haya," mama akasema. "Ahsante. Salimia nyumbani."

Nyumbani. Alilisema kwa utulivu, alimaanisha mama mdogo na watoto waliokuwa wameshazaliwa kule, na baba akajibu kwamba salamu zitafika. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda mbele. Lori likaondoka, na watoto wengine wa kijiji wakalikimbiza, mimi sikukimbia.

Asubuhi tulikwenda kukata majani ya kuezekea, mama na mimi. Sikuwa nimelala vizuri. Nikamuuliza nikiwa nimempa mgongo.

"Baba alikuomba urudi?"

Mundu wake ukaendelea.

"Hapana. Aliniomba radhi."

"Kwa kukuacha?"

Hapo akanyooka. "Nani alikuambia baba yako aliniacha?"

Nikasema kila mtu.

"Mimi ndiye niliyeomba talaka," mama akasema. "Alikataa mara nyingi. Siku ile alikuja kuniambia kwamba amekubali."

Akakaa chini kwenye majani, akanieleza. Mtoto alipopata homa kwa bibi, alimteremsha mlimani usiku huo huo, sisi tumelala, mvua inanyesha, wakangoja treni ya kwenda hospitali Kilosa. Treni haikuja. Mto Mkondoa ulikuwa umekula tuta, reli inaning'inia hewani, hakuna kilichopita. Kwa miguu haikuwezekana. Walikaa stesheni, yeye na bibi, na mtoto akafia mapajani mwake watu wakimpepea. Wakapanda naye tena mlimani. Baba alipelekewa habari, akatembea sehemu kubwa ya njia kandokando ya reli, akafika mtoto kashazikwa, kwa nyimbo na bila ya sala ya dini yake.

"Hakupiga kelele," mama akasema. "Alikaa tu. Nilimpa maji. Akayashika, hakunywa, akaniambia, 'Ungetulia nyumbani kwako, mtoto angekuwa hai.' Basi. Hakurudia tena neno hilo maisha yake. Nami nilijua kwamba ni kweli."

"Si kweli," nikasema.

"Ningekuwa Kilosa, hospitali ilikuwa jirani. Ni kweli. Ndiyo maana neno lile halitoki."

"Na jana alikuomba radhi."

"Nilimwambia nimemsamehe siku nyingi. Akauliza, sasa mbona uliomba talaka? Nikamwambia sina la kumjibu. Si kwamba namchukia. Lakini kila nikimpa maji nalisikia."

Akasimama, akaendelea kukata. Nami nikakata. Ningependa kusema kwamba nilimwelewa, lakini nilichohisi ni hasira, na hasira ile ilikuwa juu yake. Baba angekuwa mbaya, au mama mdogo angekuwa mbaya, ningejua la kufanya. Walikuwa watu wema wote, na bado mimi nilikuwa na nyumba mbili na mdogo wangu anamwamkia mama yake kama mgeni. Kwa neno moja! Nilikaa wiki nyingi namjibu mama kwa ndiyo na hapana. Hakunikaripia. Alikuwa anajua kunyamaza kuliko mimi.

Bibi hakudumu kijijini. Hakuumwa kitu chenye jina. Alikaa nje ya nyumba mpya ametazama mlima, akilalamika kwamba treni inamtikisa akilala, na masika ya pili akafa. Mama alihama Kilosa akaja kukaa katika nyumba ile, akashona pale hadi macho yalipochoka. Watu wa kijijini walimwita kwa jina la utotoni mwake. La ndoa likakosa wa kuliita. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari Morogoro, bweni, na nakiri nililala vizuri kule kuliko popote, kwa kuwa kitanda kile hakikuwa cha upande wowote.

Mdogo wangu akawa fundi kama baba. Alipooa, Mikumi, nilimfuata mama kumchukua, nikidhani atakataa. Alikuja. Kwenye mkeka wa wazazi wa bwana harusi alikuwa ameshaketi mama mdogo, na alipomwona mama alianza kunyanyuka kumpisha. Mama akamwekea mkono begani akamrudisha chini.

"Kaa. Umelea wewe," akasema, akaenda kuketi nyuma na shangazi.

Mdogo wangu aliwatambulisha wageni kwa kipaza sauti. Alimtaja baba, kisha akamtaja mama mdogo kama mama yake. Halafu akasema, "Na yule pale nyuma ni mama yangu wa Munisagara." Watu wakapiga makofi. Baba, mzee sasa, alikuwa anatazama mikono yake.

Tulirudi kesho yake kwa basi. Karibu na Ulaya nilimuuliza kama neno lile lilimuuma. Mama alisema alikuwa amechoka, alale kidogo, nikamsogezea bega. Macho aliyafumba, lakini hakulala. Nilimsikia akimeza mate njia nzima mpaka Kilosa.